Uzi: Kitabu cha ubatizo kinasema bibi aliolewa misheni, mjomba anasema Mikindani. Nani mkweli?

#1 MjukuuWaLukuledi

Wadau, salaam.

Nina jambo la ukoo. Bibi mzaa mama alikuwa na dada yake mkubwa. Nyumbani kwetu, upande wa Masasi, habari yake ni fupi sana: alibatizwa akiwa mwali, akaitwa Agnesi, akaolewa na askari wakati wa vita ya Hitla, mume akachukuliwa na maji, naye akaenda zake pwani akafia huko. Basi. Ukiuliza zaidi unaambiwa wewe mtoto wa juzi unafukua nini.

Mwaka huu parokia moja ya zamani wameniruhusu kutazama kitabu cha ubatizo. Nimemkuta. Jina lake, baba, mama, kijiji, mama wa ubatizo. Halafu pembeni, kwa wino mwingine na mwandiko mwingine, kuna kistari kidogo: amefunga ndoa 1943, misheni nyingine, na jina la mume ni Yosefu. Nikajua kazi imekwisha.

Nikampigia mjomba wangu aliyeko Mtwara mjini. Akacheka mpaka akakohoa. Anasema bibi huyo alimwona kwa macho yake, Mikindani, akiitwa Bibi Zainabu, mke wa fundi wa majahazi. Amezikwa Kiislamu na hitima ilisomwa. Na mumewe hakuchukuliwa na maji yoyote, ndiye aliyemzika.

Msimamo wangu: kitabu kiko sahihi, mjomba kachanganya watu wawili. Anayebisha aje na hoja.

#2 Chimwaga wa Newala

Nabisha bila hoja. Mjomba habishiwi kwa daftari la padri.

#3 BintiMikindani

Mikindani akina Bibi Zainabu walikuwa wengi kuliko minazi. Huyo mjomba wako amekuonyesha mtaa? Kaburi? Walioishi jirani? Watoto wake wako wapi? Bila hayo hata mimi naweza kuwa mjukuu wake.

Ila kubadili dini si hoja ya kumkataa. Pwani yetu hii mwanamke aliyetoka bara akaolewa na mtu wa mjini alisilimu na kupewa jina jipya, na baada ya miaka mitano hakuna aliyekumbuka la kwanza. Bibi yangu mwenyewe tulijua alikuwa Mmakonde wa juu Newala siku ya matanga yake, walipoteremka ndugu ambao hatujawahi kuwaona.

#4 Karani Mstaafu

Mjukuu, nimefanya kazi ofisi ya parokia miaka mingi, nikueleze hicho kistari cha pembeni.

Kanisa Katoliki tangu 1908 lina sheria kwamba padri anayefungisha ndoa anapeleka taarifa kwenye parokia walikobatizwa bwana na bibi harusi, ili iandikwe pembeni mwa majina yao. Lengo ni kwamba mtu asije akaoa mara ya pili kwingine akidai hajaoa. Kwa hiyo aliyeandika kile kistari hakuiona harusi. Aliletewa karatasi yenye jina, akafungua kitabu, akatafuta, akaandika. Kama karatasi ilisema tu "Agnesi wa kijiji fulani", na Agnesi wako zaidi ya mmoja, ungefanyaje ungekuwa yeye?

Swali langu: ukurasa ule una Agnesi wangapi?

#5 MjukuuWaLukuledi

Karani hapo #4, umenitia baridi. Ukurasa ule na unaofuata wapo watatu. Wawili kijiji kimoja.

#6 Chimwaga wa Newala

Nilisema mimi.

#7 Karani Mstaafu

Usikate tamaa. Nenda kwenye kitabu cha ndoa cha ile misheni nyingine. Kule ndiko kuna mashahidi wawili, na mara nyingi majina ya baba na mama yameandikwa. Linganisha na ubatizo. Mama wa ubatizo pia ni ushahidi mzuri, maana kwa kawaida alikuwa mtu wa karibu, mke wa mwalimu au dada mkubwa aliyetangulia kubatizwa. Na uende kwa adabu. Vitabu vile si mali ya umma, padri anaweza kukukatalia na hutamshitaki popote.

#8 Njomba Kibao

Shikamooni mlio wakubwa.

Naona mnaongea kana kwamba mtu ana jina moja. Kwa sisi Wayao, na Wamakua na Wamakonde vilevile, mtoto ana jina la utotoni, akitoka unyagoni ana jina lingine, na ukimwita lile la zamani umemtukana. Padri akimbatiza, la tatu. Akisilimu, la nne. Na kuna jambo ambalo vijana wa mjini hamlijui: mtu akifa, jina lake hurithiwa. Mpwa au mjukuu wa ukoo ule anakalishwa, anapewa jina la marehemu, na tangu siku hiyo watoto wa marehemu wanamwita mama. Kwa hiyo "Bibi Zainabu" aliyeonwa na mjomba wako huenda ni mrithi wa Zainabu aliyetangulia. Na huenda Agnesi wenu alikufa zamani na nduguye akakaa mahali pake.

La pili. Kwa mila ya kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Anajenga ukweni, analima chini ya macho ya wajomba wa mkewe. Mwanamke wa bara kuacha ukoo wake akashuka mpaka Mikindani si jambo dogo. Ama aliolewa na mtu wa pwani asiyefuata hayo, ama alikimbia kitu. Talaka, ugoni, deni, uchawi. Hicho ndicho wazee wako wanachokuficha wanaposema "akaenda zake pwani".

#9 MngoniMpole

Au alichukuliwa na babu zangu, tukasahau kumrudisha. 😂

#10 Chimwaga wa Newala

Wangoni mmeingia! Mlivyovamia Masasi 1882 mkabeba watu na mbuzi, mpaka leo hamjalipa hata kuku. Mtani, leta faini kwanza ndipo uchangie uzi.

#11 MngoniMpole

Misheni yenyewe ilianzishwa na Livingstone kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, sisi tulikuja kusalimia tu.

#12 Karani Mstaafu

Livingstone alipita Mikindani 1866 akienda bara na alikufa 1873. Misheni ya Masasi ni ya Askofu Steere wa UMCA, ile misheni ya Kianglikana, 1876, ndiye aliyewapeleka pale wale walioachiwa huru kutoka Unguja. Utani sawa, lakini historia muiache ilivyo.

#13 MngoniMpole

Mzee Karani hana utani. Nimekaa kimya.

#14 Baharia wa Shangani

Turudi kwenye mada. Mume "askari", vita ya Hitla, "akachukuliwa na maji". Mbona jibu liko wazi? Tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail ilipigwa na nyambizi ya Kijapani karibu na Maldives. Ilitoka Mombasa ikienda Colombo, na ndani mlikuwa na askari wengi wa Afrika Mashariki. Walikufa karibu watu 1,300. Ndoa 1943, mume kazama 1944, mjane kashuka pwani kaolewa tena na fundi, kawa Zainabu. Kitabu kweli, mjomba kweli. Uzi ufungwe.

#15 MjukuuWaLukuledi

Baharia, nimesisimka mwili mzima. Asante.

#16 Askari wa Akiba

Msifunge uzi. Waafrika waliokuwa kwenye Khedive Ismail walikuwa hasa wa mizinga, Kikosi cha 301 cha East African Artillery. Kwetu huku watu wakisema "askari wa vita ya Hitla" mara nyingi wanamaanisha KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki), na wengi wa KAR walikufa Burma kwa risasi na maradhi, si majini. Tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha mtandaoni, kutafuta ni bure. Waliozama na meli ile majina yao yako kwenye mnara wa Nairobi, wasio na makaburi Burma wako kwenye mnara wa Rangoon. Tafuta ujue.

Lakini nakuonya. "Yosefu" peke yake hufiki nalo popote. Karani wa Kiingereza aliandika alivyosikia. Babu yangu kwenye karatasi zake za jeshi ana jina ambalo hakuna mtu wa ukoo anayeweza kulitamka. Tulimjua kwa jina la baba yake na jumbe wake tu.

#17 Mzee wa Korosho

Nyie vijana maji mnayatafuta mbali. Aprili 1952 kimbunga kilipiga Lindi na Mikindani, mapaa yakaruka, minazi ikalala, vyombo vikapotea baharini. Mimi nimezaliwa baada yake, lakini mama alihesabu umri wa watoto wake kwa kimbunga: huyu kabla, huyu baada. Mume akiwa mvuvi au mtu wa majahazi, akachukuliwa na maji 1952, mbona inaingia? "Askari" huenda alikuwa askari kanzu au tarishi wa boma. Bara kila aliyevaa kaptula ya kaki alikuwa askari.

#18 Msafiri wa Kitaya

Na Ruvuma je? Watu wa kwetu wamevuka kwa mitumbwi tangu enzi, kwenda harusini, msibani, kukimbia kodi ya Mreno, kukimbia kodi ya Mwingereza. Mto ule una viboko na mamba. Ukisikia Mmakonde wa mpakani anasema mtu "kachukuliwa na maji", mimi siwazi meli ya Mjapani hata kidogo.

#19 BintiMikindani

Sasa tuna bahari ya Hindi, kimbunga na mto. Bado kisima tu.

#20 Chimwaga wa Newala

Newala ile ya zamani maji yenyewe yalikuwa shida, mama zetu walishuka bondeni usiku na kurudi jua limetoka. Kule hakuna mtu wa kuchukuliwa na maji, sisi ndio tuliyachukua.

#21 Dada wa Rutamba

Mimi nina kisa kinachofanana, niseme haraka.

Bibi yetu tulijua ni mzaliwa wa Newala. Kwenye karatasi zake zote: Newala. Alipozeeka akaanza kuongea usingizini majina ya milima ambayo hatuijui. Kumbe alizaliwa Mueda, ng'ambo. Alivuka na mama yake miaka ile watu wa Msumbiji walipokuja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge huku Lindi, Kikwetu na kwingineko. Wenyeji waliwaita Wamavia na hawakuwa wakilitamka kwa heshima, kwa hiyo aliyeweza kujiita wa Newala alijiita. Baadaye vita ya FRELIMO ilipoanza 1964 ndugu zake wakaja kama wakimbizi, wakawekwa hapa Rutamba, na yeye mwenyewe hakutaka wajulikane. Aliwapelekea unga jioni, akirudi anasema alikuwa kwa fundi cherehani.

Kwa hiyo Mjukuu, kabla hujauliza aliolewa wapi, jiulize huyo wa kitabuni na wa Mikindani walizaliwa wapi kila mmoja. Zainabu anaweza kuwa wa ng'ambo kabisa aliyejishikiza kwenye ukoo wenu kwa kuwa nihimo lake, yaani ukoo wa upande wa mama, linafanana na lenu. Kwa Wamakua hilo linatosha kuwa ndugu. Mgeni akitaja ukoo uleule anapewa mkeka na sahani.

#22 Njomba Kibao

Dada kasema kweli. Muulize mjomba ukoo wa Zainabu, usimuulize baba yake. Baba kwetu ni mgeni aliyekuja kuzaa.

#23 Mzee wa Korosho

😂😂 Baba yangu angekusikia.

#24 Mwanafunzi wa Sheria

Ndoa ya Kiislamu ya wakati ule haikuhitaji cheti. Walii, mashahidi wawili, mahari, imekwisha. Ilipoingia kwenye maandishi ni pale palipokuwa na kesi: talaka, mahari isiyolipwa, mirathi, ikapelekwa kwa kadhi au liwali. Baada ya uhuru mfumo ule ulivunjwa, na 1963 mahakama zikaunganishwa. Majalada mengine yalihamishwa, mengine yaliliwa na mchwa. Sheria ya Ndoa ni ya 1971, ndipo usajili wa ndoa zote ulipowekwa chini ya sheria moja.

Watu watakuambia nenda Nyaraka za Taifa, Dar. Nenda, lakini ujue utakachokuta. Vile vitabu vya wilaya walivyoandika mabwana shauri vina habari za makabila, maliwali, maakida na majumbe, mashauri ya ardhi, mvua na njaa. Mwanamke wa kawaida hayumo, labda kaka yake awe jumbe. Vyeti vya kuzaliwa na kufa navyo, kwa Waafrika wa wakati ule, usihangaike.

#25 Chimwaga wa Newala

Kwa kifupi serikali ilimjua ng'ombe kuliko bibi.

#26 Mzee wa Korosho

Ng'ombe wa wapi huku kwenye ndorobo? Labda korosho.

#27 Tandahimba Oyee

Nimeona korosho nikaja. Kuna mtu anauza ming'oko, ile mizizi ya porini, Dar? Nina hamu nayo mno, ya kuchemsha, na chai ya rangi.

#28 BintiMikindani

Kijana, uzi wa ukoo huu. Ila Buguruni sokoni ulizia akina mama wa Kusini, hawakosi.

#29 Mtu wa Maabara

Mbona hakuna aliyetaja DNA? Kuna aina inayopita kwa mama tu, DNA ya mitokondria. Bibi yako na dada yake wa mama mmoja wana ileile, na binti wa binti zao wote. Akipatikana binti wa Zainabu, au binti wa binti yake, apimwe pamoja na mama yako mdogo. Zikitofautiana, Zainabu si dada wa bibi.

#30 Dada wa Rutamba

Na zikilingana?

#31 Mtu wa Maabara

Zikilingana haithibitishi kuwa ni dada, maana inaweza kulingana hata kwa watu walioachana vizazi vingi nyuma.

#32 Njomba Kibao

Yaani mashine ya mamilioni inakuja kutuambia kwamba watu wa ukoo mmoja wa mama ni wa ukoo mmoja wa mama. Sawa, mwanangu, asante.

#33 MjukuuWaLukuledi

Wadau nimerudi. Nimeusikia ushauri wa Mzee Karani hapo #7 na nimefika ile misheni nyingine. Katekista mmoja kanisaidia, Mungu ambariki.

Ndoa ipo, 1943. Bibi harusi Agnesi, kijiji chetu. Jina la mama yake limeandikwa na linafanana na letu, ila herufi mbili tofauti. Jina la baba ni lingine kabisa. Shahidi mmoja ni mwalimu, jina lake linajulikana kijijini mpaka leo.

Sasa sikilizeni. Mbele ya jina la mume, kwenye mabano, padri kaandika neno moja kwa Kiswahili: fundi. Hakuna askari popote.

#34 BintiMikindani

Eeeh! Yosefu fundi. Yusufu fundi wa majahazi. Ni mtu mmoja huyo! Walisilimu wote wawili!

#35 Karani Mstaafu

Polepole. Misheni za Wabenediktini, Ndanda hasa, zilikuwa na karakana za useremala na uashi, zilitoa mafundi kila mwaka. Padri aliandika "fundi" ili kumtenganisha Yosefu huyu na Yosefu mwalimu na Yosefu mpishi. Inawezekana kabisa seremala wa misheni akashuka pwani kuunda majahazi. Inawezekana vilevile akabaki akitengeneza mabenchi ya kanisa mpaka akafa. Baba kuwa na jina tofauti ndilo jambo la kuangalia, unaweza kuwa umempata yule Agnesi wa pili wa kijiji kilekile.

#36 Njomba Kibao

Baba kuwa na jina tofauti si kitu. Aliyemlea anaweza kuwa mume wa pili wa mama yake, na siku ya ubatizo kataja huyu, siku ya harusi kataja yule. Au baba naye ana majina manne.

#37 Baharia wa Shangani

Na mume aliyechukuliwa na maji ni nani basi? Mimi bado na meli yangu. Askari wa kwanza, harusi ya mila kabla ya 1943, haimo kitabuni kwa kuwa haikufungwa kanisani. Fundi ni wa pili.

#38 Askari wa Akiba

Meli ilizama Februari 1944. Awe mjane wa 1944 halafu aolewe tena 1943? Baharia, kunywa maji.

#39 Baharia wa Shangani

Maji ndiyo yaliyotuleta hapa.

#40 Mzee wa Korosho

Kimbunga bado kinasimama. Fundi wa majahazi, 1952.

#41 MjukuuWaLukuledi

Mzee wangu, mjomba anasema fundi ndiye aliyemzika bibi, na mjomba alikuwa mtoto mkubwa wakati huo. Nimempigia tena nikamuuliza jina la fundi. Anasema hakuna aliyemwita kwa jina, alikuwa Fundi tu. Nikamuuliza ukoo wa Zainabu kama alivyoshauri Njomba. Kautaja. Ni wetu. Lakini kaongeza kwamba bibi huyo alipokuwa akikasirika alitukana kwa lugha ambayo si ya kwetu, na watoto walifukuzwa wasisikie.

#42 Dada wa Rutamba

Lugha gani? Muulize mjomba akumbuke hata tusi moja.

#43 MjukuuWaLukuledi

Analikumbuka. Amekataa kulitamka mbele yangu, eti mimi mpwa wake.

#44 Msafiri wa Kitaya

Mpe namba yangu, nitakutumia inboksi. Kwangu atalitamka, si ndugu yake mimi. Nikilisikia nitajua kama ni la upande huu wa Ruvuma au ule.